Gujarat niliyoiona nikimuuguza mama: visima vya malkia, nguo zisizochuja na ngoma iliyobaki na jina letu

MtotoWaPangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mwaka juzi nilikaa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, wiki saba nikimuuguza mama. Anayezijua safari za matibabu India anajua zilivyo: siku moja ya vipimo, siku nne za kusubiri majibu. Mama mwenyewe ndiye aliyenifukuza chumbani. "Nenda katembee mwanangu, mimi nitalala. Ukirudi unihadithie." Basi nikawa natoka asubuhi, narudi magharibi na hadithi. Ninazoandika hapa ni hizo hizo nilizompa mama, maana tunaokwenda India kila mwaka kutoka huku kwetu ni wengi, na wengi tunarudi tukijua njia ya hospitali na njia ya maduka ya nguo, basi.

Nianze na nilichokikuta dakika kumi kwa bajaji kutoka tulipopanga.

Ni msikiti mdogo, umekaa kwenye makutano ya barabara, magari yanauzunguka kutwa nzima. Unaitwa msikiti wa Sidi Saiyyed. Ulijengwa mwaka 1572 hadi 1573, wakati usultani wa Gujarat ulipokuwa unaangukia mikononi mwa Akbar, mfalme wa dola ya Mughal. Na huyo Sidi Saiyyed alikuwa Mwafrika, Mhabeshi aliyefika huko kupitia Yemen, akatumikia wakubwa wa dola mpaka naye akawa na mali na jina. Gujarat ukisikia "Sidi" au "Habshi", jua anatajwa mtu mwenye asili ya Afrika.

Ukutani upande wa kibla kuna madirisha ya nusu duara, na jiwe limetobolewa mpaka limekuwa kimia. Kuna dirisha moja ambalo picha yake mtaikuta kila mahali mjini: mti wa jamii ya mtende umesimama, na matawi ya mti mwingine yanajipinda kuuzunguka, yanapishana, yanarudi, na ukifuata tawi moja kwa macho halikuachi njiani. Niliingia baada ya alasiri. Jua lilikuwa linapiga kutoka magharibi, na ule mti wote ukalala sakafuni kwa kivuli, juu ya mikeka na juu ya miguu ya wazee waliokuwa bado wanavuta uradi. Mzee mmoja akaniuliza kwa ishara natokea wapi. Nikamjibu Afrika. Akanyoosha kidole dirishani, kisha akakileta kifuani kwangu, akatabasamu, akaendelea na tasbihi yake.

Dirisha la katikati ni jiwe tupu, halina nakshi. Wenyeji husema vita vilifika kabla mafundi hawajamaliza.

Usiku ule nilimsimulia mama, na kesho yake nikaanza kutafuta mengine. Nitaendelea kidogo kidogo, naombeni subira.

---

BintiMakunganya

Tupo mkuu, endelea. Mama anaendeleaje sasa?

---

MtotoWaPangani

Alhamdulillah, dada. Yupo nyumbani, anapika mwenyewe.

Sasa kuhusu visima. Gujarat ni nchi kavu. Mvua yao ni ya miezi michache, ikishapita maji yanakimbilia chini kabisa. Watu wa kule wakaona kamba na ndoo havitoshi. Badala ya kuyavuta maji juu, wakachimba njia ya kuyafuata yaliko. Kisima cha namna hiyo wanakiita vav: unaanza kushuka ngazi juani, unapita ukumbi juu ya ukumbi wenye nguzo, mpaka unayakuta maji. Maji yakishuka, nawe unashuka ngazi zaidi. Yakipanda, unayakuta karibu.

Mkubwa wa visima hivyo upo Patan, kilomita zipatazo 130 kaskazini ya Ahmedabad. Rani ki Vav, yaani kisima cha malkia. Inasimuliwa kuwa malkia Udayamati ndiye aliyekijenga karne ya 11 kumkumbuka mumewe, mfalme Bhima wa Kwanza wa ukoo wa Solanki. Sisi tumezoea wafalme kuwajengea wake zao makaburi, hapa mjane amemkumbuka mumewe kwa maji ya kunywa. Hilo lilinigusa kuliko ukubwa wake, na ukubwa wenyewe si mdogo: urefu mita 65, upana mita 20, kina mita 27, ngazi za kushukia zimegawanywa tabaka saba. Sanamu kubwa zinapita 500, ndogo zinapita 1,000.

Mto Saraswati ulifurika ukakijaza tope, na kwa mamia ya miaka kilichoonekana juu ni ukingo tu. Miaka ya 1980 idara ya mambo ya kale ya India ikakifukua. Ndiyo maana sanamu zina ukali kana kwamba fundi ameweka patasi chini jana; tope lilizificha. Mwaka 2014 kikaingizwa katika Urithi wa Dunia, na tangu mwaka 2018 kipo nyuma ya noti ya rupia 100. Kwa hiyo wengi wenu mlioenda mmekishika mkononi bila kujua.

Niwaeleze unavyoingia. Juu jua linachoma. Hatua kama ishirini hivi hewa inabadilika, inakuwa ya ubaridi, sauti za barabarani zinakatika. Kuta mbili zinakukaribia huku na huku na zote zimejaa watu wa mawe. Wengi ni mungu Vishnu wa Wahindu katika maumbo yake, na chini kabisa mbele ya kisima amelala juu ya nyoka mwenye vichwa vingi. Lakini mimi nilisimama zaidi kwa wanawake. Kuna mmoja ametoka kuoga, anakamua nywele, na ndege aliye karibu yake ameinua mdomo kudaka yale matone. Nikafikiri: aliyekuwa akikitazama kisima hiki kila siku ni mwanamke mwenye mtungi kichwani. Fundi alimchonga mwenzake amuone akishuka.

Huruhusiwi kufika mpaka mwisho siku hizi, ngazi za chini zimefungwa kwa usalama. Ila kaa kwenye ngazi kivulini angalau nusu saa, usiwe wa kupiga picha ukakimbia.

---

Mchambuzi_Mwanza

Mkuu, hivi visima ni vya wafalme peke yao au raia nao walikuwa na vyao? Na mila zake zikoje? Maana kwetu kisima kikubwa hakikosi ngano.

---

MtotoWaPangani

Swali zuri sana. Vav zipo kila pembe, za vijijini, za njia za misafara, na si chache ziligharimiwa na wanawake, wake wa wafalme na wake wa wafanyabiashara.

Ngano ndizo zenyewe. Wadhwan kuna kisima kinaitwa Madha Vav, cha mwaka 1294. Inasimuliwa kwamba ukame ulidumu miaka 12, kisima kimechimbwa na maji hakuna. Wapiga ramli wakasema maji yanawataka mtoto wa mfalme na mkewe. Wale vijana wakakubali. Wakashika mikono, wakaanza kushuka, na kila ngazi waliyokanyaga maji yakapanda: vifundoni, magotini, kiunoni, mpaka yakawafunika. Wanawake wameiimba hadithi hiyo kizazi hadi kizazi.

Na Adalaj, karibu na Ahmedabad, kuna kisima cha ghorofa tano cha mwaka 1499. Kilianzwa na mtawala Mhindu wa ukoo wa Vaghela, akafa vitani, kikamaliziwa chini ya sultani Mwislamu, Mahmud Begada. Wenyeji husema sultani alimtaka mjane Rudabai, naye akamwambia nimalizie kwanza kisima cha mume wangu. Kilipokwisha, akajitupa ndani yake. Ukweli wa hadithi hiyo wenyewe wanaujua, lakini ukitazama kuta utaona maua na matawi ya kazi ya Kiislamu yamekaa pamoja na tembo na miungu ya Kihindu, ukuta ule ule.

---

Mchambuzi_Mwanza

Nimesisimka mkuu. Kanda ya ziwa kuna ngano ya msichana aliyetolewa ziwani ili mvua inyeshe. Bibi yangu akiisimulia alikuwa anaimba sehemu ya msichana akiaga. Sikujua kuna watu wa mbali hivyo wenye kilio hicho hicho.

---

MtotoWaPangani

Twende kwenye nguo, halafu nitafika kwenye ngoma. Vyote ni kitu kimoja mtaona.

Pale Rani ki Vav kuna sehemu za ukuta zisizo na sanamu, ni miraba na maua yaliyopangwa kwa hesabu. Mtembezaji wangu aliniambia nizishike vizuri kichwani, kisha akanipeleka mjini Patan kwa wafumaji wa patola wa ukoo wa Salvi. Kwenye kitambaa nikaiona miraba ile ile.

Patola ni hariri. Nguo nyingi za nakshi zinafumwa kwanza kisha zinatiwa rangi, au nyuzi za upande mmoja tu ndizo zinazotiwa rangi mapema. Patola, nyuzi za mtande na za mshindio zote zinafungwa vifundo na kuchovywa rangi kabla ya kufumwa, rangi moja baada ya nyingine, kwa vipimo kwamba zikikutana kwenye kitanda cha kufumia, doa jekundu likutane na doa jekundu pale pale linapotakiwa. Kitanda chenyewe kimeinamia upande mmoja. Wafumaji wawili wanakaa, na kila baada ya muda yule mama anachukua sindano ya chuma anasogeza nyuzi, moja moja, kwa upana usiofika punje ya mchele. Sari moja inawachukua miezi minne mpaka sita. Mbele na nyuma ni sawa, hakuna upande wa ndani. Wagujarati wana msemo kwamba nakshi ya patola itachanika lakini haitachuja.

Familia zinazofuma patola ya namna hii pale Patan zimebaki chache mno. Kisima kina walinzi, uzio na tiketi. Ile mikono ndiyo niliyoihofia, kwa sababu mikono haina uzio.

---

Nahodha_Mstaafu (Mombasa)

Kijana wangu, nimesoma yote. Mimi ni mtu wa Bandari ya Kale. Umesahau Kutch, ile pembe ya magharibi ya Gujarat, na huko ndiko walikotoka Wahindi wengi tuliokua nao. Mandvi, kwenye mto Rukmavati, hadi leo wanaunda majahazi ya mbao ukingoni. Sisi tuliyaita kotia. Zikija na kaskazi, sisi watoto tulikuwa tunajua kwa harufu kabla hatujaona tanga. Marehemu ami yangu alikwenda Mandvi mara mbili. Alisema fundi mkuu pale hana karatasi, jahazi lote limo kichwani mwake, anaelekeza kwa mkono na kamba.

---

MtotoWaPangani

Shikamoo mzee. Sikusahau, nilikuwa naelekea huko, na asante kwa hilo la harufu.

Mama alipopewa siku kumi bila kliniki, dada yangu akaja kukaa naye, nami nikapanda treni ya usiku mpaka Bhuj. Bhuj ndiko lilikopiga tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, asubuhi ya sikukuu yao ya Jamhuri, kipimo cha 7.7. Walikufa watu wapatao 20,000. Kasri la mji huo, Aina Mahal, lilijengwa karne ya 18 na Ramsingh Malam, baharia wa Kutch ambaye kwa masimulizi alivunjikiwa na chombo katika bahari ya Afrika, akaokolewa na Waholanzi, akajifunza Ulaya kazi ya vioo na vigae. Tetemeko lililipasua vibaya. Lakini zile nyumba za udongo za mviringo za wafugaji wa Banni, ziitwazo bhunga, nyingi zilisimama. Nyumba ya duara haina kona ya kupasukia. Ndani wanawake wanazipamba kwa udongo na vipande vidogo vya vioo, ukiwasha taa moja ukuta wote unawaka.

Karibu na Bhuj kuna kijiji kinaitwa Ajrakhpur. Hakikuwapo kabla ya tetemeko. Wachapaji wa nguo ya ajrakh, ukoo wa Khatri, waliishi Dhamadka. Baada ya tetemeko maji ya pale yakabadilika, chuma kikazidi, na rangi zikakataa. Wengi wakahama wakaanzisha kijiji kipya, wakakipa jina la nguo yao. Wakuu, hebu fikirini: nyumba zimeanguka, watu wamezikwa, na kinachoamua mahali pa kuanza upya ni maji ya kutia rangi.

Niliwaona kazini. Rangi nyeusi inatengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyolowekwa na sukari guru kwenye pipa mpaka vichachuke, kwa siku nyingi. Nilipolisikia lile neno "gur" nikacheka kwa furaha, kumbe sukari guru yetu tunaiita kwa jina lao. Gundi ya kupikia rangi ni unga wa kokwa za ukwaju. Buluu ni nili. Kitambaa kinapita hatua zaidi ya kumi: kufua, kuchapa kwa vibao vya msaji, kukausha, kuchovya, kufua tena. Kijana mmoja alinipa kibao nijaribu. Unakiweka, unakigonga kwa ubavu wa kiganja, unakiinua. Yeye alikuwa anagonga bila hata kutazama na michirizi inakutana. Wangu ulikaa pembeni upana wa uzi, akauona kutoka upande wa pili wa meza.

Dholavira nilifika pia, mji wa kale kuliko yote niliyotaja, kama miaka 5,000 iliyopita, katikati ya jangwa la chumvi. Urithi wa Dunia tangu 2021. Walikata mabirika makubwa kwenye mwamba wakageuza vijito viwili vya msimu viingie mjini. Maji tena. Sitalieleza zaidi, jua lilinishinda nikakaa saa mbili tu na mji ule unataka siku nzima.

---

Kisutu_Damu

Mimi ni mzaliwa wa Dar, babu zangu walitoka Kutch, nyumbani tunasema Kikutchi kilichojaa Kiswahili. Asante kwa uzi huu. Naomba niongeze garba. Sikukuu ya Navratri, usiku tisa, mnaosikia makofi na nyimbo kwenye kumbi zetu Dar, Nairobi na kwingineko ndiyo hiyo. Katikati huwekwa chungu cha udongo kilichotobolewa, taa ikiwa ndani, nuru inatoka kwenye matundu. Garba asili yake ni neno la tumbo la uzazi. Wanawake wanauzunguka ule uhai. Siku hizi kuna vipaza sauti na mashindano ya mavazi, lakini nyanya yangu mpaka anafariki hakukubali kuanza bila chungu. Mwaka 2023 UNESCO waliiandikisha garba ya Gujarat kwenye urithi usioshikika. Tulilia siku ile.

---

MtotoWaPangani

Dada au kaka, karibu sana. Hilo la chungu nilikuwa silijui.

Sasa ngoma. Nitajitahidi nisiwe mrefu.

Karibu na mji wa Bharuch kuna vilima vya Ratanpur, na juu yake kaburi la walii wa Kiafrika, Bava Gor. Vilima vile vina akiki. Tangu zamani jiwe lilichimbwa pale, likachomwa ndani ya vyungu mpaka likaiva wekundu, kisha likapelekwa Khambhat kutengenezwa shanga. Fundi wa Khambhat analigusisha jiwe kwenye ncha ya chuma na kuligonga kwa nyundo ya pembe ya nyati, tik, tik, magamba yanaruka. Shanga hizo zilivuka bahari kuja pwani yetu kwa karne nyingi. Na watu wa akiki wanamhesabu Bava Gor kuwa walii wa kazi yao. Mwafrika amelala juu ya kilima ambacho mawe yake yalikuwa yanakuja Afrika.

Wanaolitunza kaburi ni Masidi. Waislamu, Wahindu na Waparsi wote wanakuja na nadhiri zao. Dada wa walii, Mai Misra, ana kaburi lake na wanawake wanamwendea yeye kwa mambo ya uzazi.

Nilifika Alhamisi jioni. Wakatoa ngoma. Ndefu inayosimama kwa miguu yake inaitwa mugarman. Ya kuning'iniza shingoni inaitwa musindo. Kuna kifuu cha nazi kilichofungwa kitambaa, ndani mna changarawe, wanakitikisa kama kayamba, na kinaitwa kwa jina la Mai Misra mwenyewe. Kuna uta wenye kibuyu, malunga. Na mchezo wote wanauita goma.

Goma, wakuu. Hawasemi Kiswahili tena, wanasema Kigujarati kama majirani zao. Kwenye nyimbo zao mna maneno ambayo maana yake imewapotea. Lakini ngoma ni goma.

---

Mwalimu_Historia

Uzi bora. Sahihisho dogo kwa faida ya wasomaji: tusiwachanganye wote. Akina Sidi Saiyyed walikuwa Wahabeshi wa upande wa Ethiopia, askari na maofisa. Masidi wengi wa vijijini wana asili iliyochanganyika, wakiwemo waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya Afrika Mashariki na bara lake, wengine hadi karne ya 19. Na si wote walikwenda kama watumwa, wapo mabaharia. Halafu nauliza: wanaishije leo? Nimeona video zao wakivaa manyoya ya tausi na kuvunja nazi kwa kichwa mbele ya watalii.

---

MtotoWaPangani

Sahihi kabisa mwalimu, nashukuru.

Maisha ni magumu kwa wengi. Vibarua, mashamba, udereva. Jambur, kijiji cha Masidi karibu na msitu wa Gir wenye simba, vijana wanacheza kwenye hoteli za watalii na zile nazi unazozisema. Nilimuuliza mmoja kama haimuumi. Akaniambia kwa Kiingereza cha kuokoteza kuwa hotelini ni kazi, na kaburini ni kwa babu. Nilimwamini, kwa sababu nilichokiona Ratanpur kilikuwa kingine. Hapakuwa na manyoya wala nazi. Walianza polepole, wamekaa, kama dhikiri. Mpigaji wa musindo alikuwa mzee, amefumba macho. Kasi ilipopanda mama mmoja wa Kihindu aliyekuja na mtoto mgonjwa akaanza kutikisika, na mwanamke wa Kisidi akamshika mabega akaenda naye, mdundo kwa mdundo, mpaka akatulia. Hakuna aliyetoa simu. Mimi ndiye niliyeomba ruhusa kurekodi sauti tu, wakakubali.

---

BintiMakunganya

Na mama? Alipoisikia hiyo rekodi alisemaje?

---

MtotoWaPangani

Nilirudi usiku, nikamkuta macho. Nikamwekea simu karibu na mto, sikumwambia kitu.

Akasikiliza kimya kama dakika mbili hivi. Vidole vyake vikaanza kugonga shuka. Akasema, "Huyu mpigaji ametoka msondo. Watu wa wapi hawa, wa upande wa kwetu?"

Nikamwambia ni wa huku huku, mama, mwendo wa saa chache kwa gari.

Akanitazama. Kisha akasema nirudie tangu mwanzo, na nipandishe sauti.